Anayeshika Kichwa

Mikono ya yule nesi ndiyo iliyomtia Beatrice wazimu. Si uso, maana uso wa Stefania ulikuwa wa kawaida tu, una alama za chunusi za zamani. Wala si umbo, kwani alikuwa mwembamba, na hapa Genkuru mwanamke mwembamba watu humwuliza kama anaumwa. Mikono. Kila jioni zahanati ikishafungwa, nesi huyo alikuja kwenye karakana ya Kisyeri, mume wa Beatrice, akavua viatu, akapiga magoti juu ya turubai, akakishika kichwa cha Kisyeri kwa mikono miwili. Kiganja kimoja sikio hili, kingine sikio lile, vidole vinashuka mpaka chini ya taya. Halafu anakaa hivyo hivyo. Mtu amemshika mume wa mwenzake mashavu, jua halijazama, na watu wanapita barabarani!

Na Kisyeri naye, mwanaume mzima, fundi wa kuchomelea anayeogopwa hata na wateja wake, amelala chali, amefumba macho.

"Hapo kwenye bega pananibana," anasema.

"Usiongee ukitikisa kichwa," nesi anamjibu. "Wewe sasa hivi ni mgonjwa."

Jikoni, nyuma ya ukuta wa mabati, palikuwa na tundu la msumari. Beatrice alisonga ugali kwa mkono mmoja na jicho moja liko kwenye tundu. Ugali wa nyumba ile siku hizo ulikuwa na mabonge, na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu.

Shida yenyewe ilianza na kijana Clement. Aliteleza akatumbukia kwenye shimo la kuchimbia dhahabu, wenzake wakamvuta kwa makwapa, wakamsimamisha, alipoanguka wakampakia pikipiki katikati ya watu wawili ili asidondoke. Alipotolewa shimoni alikuwa akirusha miguu na kutukana. Alipofika zahanati alikuwa anatukana tu; miguu ilikuwa imenyamaza, na mpaka leo imenyamaza. Stefania ndiye aliyempokea. Kesho yake alfajiri alikuja kwa Kisyeri na macho mekundu, akamwambia, "Fundi, nataka kitu cha kuingia chini ya mtu bila kumnyanyua. Kama hujui kutengeneza sema, nitafute mwingine."

Ukimwambia Kisyeri utatafuta mwingine, umeshampata. Aliacha madirisha ya watu, akaacha mageti, akawa wa machela tu. Ya kwanza ilikuwa nzito kama kitanda cha chuma. Ya pili ilipinda. Ya tatu aliitengeneza kwa mabomba mepesi ya aluminiamu, vipande viwili vinavyoachana katikati kwa urefu kama ganda la karanga: kimoja unakisukuma chini ya mgonjwa kutoka kulia, kingine kutoka kushoto, vinakutana chini ya mgongo, na kufuli za kichwani na miguuni zinalia ta! Mikanda aliifungua kwenye siti za gari bovu. Kilichobaki ni vibano vya kuzuia kichwa kisigeuke. Sponji ya siti ya pikipiki iliteleza, mpira ulibana masikio. Basi mpaka vibano vipatikane, kichwa kilishikwa kwa mikono. Mikono ya nani? Hiyo hiyo.

"Wifi," Happy, dada yake Kisyeri, alimwambia Beatrice kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake wote, "kaka yangu anaumwa nini? Kila nikipita namkuta amelala, nesi anamuuguza."

Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Beatrice naye akacheka, kwa sababu usipocheka wanajua pameuma. Lakini njiani alijikuta anaongea peke yake.

Siku hiyo alimvaa mumewe waziwazi.

"Kwa nini ulale wewe? Si ulaze mtu mwingine?"

"Mwingine ataniambiaje panapobana? Lazima nijisikie mwenyewe."

"Haya. Na kwa nini akushike yeye?"

"Sasa anishike nani?" Kisyeri aliweka chini nyundo. "Wewe? Njoo basi. Sista atakuelekeza, ni kazi ya siku moja."

"Nije nifundishwe na mwanamke mwingine kumshika mume wangu! Kisyeri, hivi unajisikia unavyoongea?"

Alijisikia, au hakujisikia, hakuna ajuaye. Aliokota nyundo akaendelea. Na Beatrice alirudi jikoni kwenye tundu lake, maana wivu ni mwajiri mkali, hautoi likizo.

* * *

Siku aliyokuja afisa kutoka wilayani kuitazama machela, bwana mmoja mpole aitwaye Telesphory, Beatrice alifagia uwanja tangu asubuhi, akavaa gauni alilovaa siku ya kipaimara cha binti yake Neema. Alijua wageni wataulizia nyumba hii ni ya nani.

"Huyu," Kisyeri alimwambia mgeni, uso unang'aa, "ni Sista Stefania. Bila yeye kitu hiki kisingekuwepo. Tumekibuni pamoja."

"Hongera sana, sista. Na huyu mama?"

"Huyu? Ni mama watoto. Mama Neema, tuletee chai."

Beatrice hakuondoka mara moja. Alisogea kidogo karibu na mumewe, kwa sababu afisa alikuwa ametoa simu apige picha: fundi upande mmoja wa machela, nesi upande wa pili.

"Samahani, mama," afisa alisema kwa upole ule ule, "sogea kidogo huko. Unaingia kwenye picha."

Unaingia kwenye picha! Katika uwanja alioufagia yeye, kando ya mume aliyemzalia yeye! Alisogea. Alisogea mpaka jikoni, akachemsha chai, na chai ilipochemka, naye alikuwa amechemka zamani. Aliporudi na sinia alikuta Kisyeri ameshalala kwenye machela kumwonyesha mgeni, na ile mikono iko mahali pake.

Alilitua sinia kwa kishindo, vikombe vikamwaga chai.

"Sista," akasema, na sauti ilifika mpaka barabarani, "kwenu Bukoba wanaume wameisha?"

Afisa akatazama viatu vyake. Kisyeri akataka kuinuka.

"Usigeuze shingo," Stefania alimwambia taratibu, bado amemshika. "Usimpe mgeni mfano mbaya." Kisha akamfungua mikanda, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akavaa viatu vyake na kutoka. Alikuwa anatembea wima, lakini alipofika getini alikosa komeo, akapapasa kama kipofu, na Beatrice akajua analia. Akafurahi. Tusimfiche: alifurahi.

"Umenivunjia heshima," Kisyeri alisema mgeni alipokwisha kuondoka.

"Na yangu ilivunjwa na nani?"

Kisyeri aliitundika machela kwenye ukuta wa karakana, akarudia madirisha ya watu. Kelele ya grinda ikarudi, wateja wakarudi, sukari ikarudi nyumbani. Nesi hakuonekana tena. Beatrice alikuwa ameshinda, ila ushindi gani huu wa kukaa na mtu anayekula chakula chako, anaosha mikono, anakuambia asante kama mgeni, anatoka? Hata kugombana hakutaka. Mkurya asiyetaka kugombana na mkewe ni mgonjwa au ameshahama moyoni, ndivyo Beatrice alivyojiambia, na wivu wake ukaongezeka badala ya kupungua. Awali aliwaona. Sasa ilimbidi awafikirie.

* * *

Wakati wa kuhifadhi mahindi, kaka yake Heche akampigia simu akihema. "Mama ameanguka kutoka ghalani. Alipanda kupanga mahindi, ngazi ikamtoka. Anasema shingo."

Kisyeri alikuwa amesikia, kwa sababu Heche akiongea kwenye simu, simu haina kazi. Aliitundua machela ukutani, akaitenganisha, akawasha pikipiki. Beatrice alikaa nyuma amekumbatia vipande viwili, kimoja kila kwapa, na wakaenda hivyo kwenye makorongo hadi kwa kina Beatrice, kitongoji cha pili.

Kwenye ua wa katani Kisyeri akazima pikipiki, akasimama. Hakuingia. Ndani, mama mkwe wake, bibi Boke, alikuwa amelala chali chini ya ghala, nguo imempanda, na mkwe hamwoni mama mkwe katika hali hiyo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Wakikutana njiani mmoja anapisha, salamu inatoka kwa mbali. Kumshika mashavu? Labda dunia imegeuka.

Lakini katikati ya majani ya katani alichungulia kidogo, akaona Heche ameinama, mikono iko chini ya makwapa ya mama yake.

"Heche, wewe mura!" akapiga ukelele. "Mwache! Mwache hapo hapo alipo!"

"Tumsimamishe anywe maji!"

"Ukimsimamisha utamfanya kama Clement! Toa mikono!"

Heche akatoa mikono kama ameshika moto. Kisyeri akageuka, akaupa ua mgongo, akavuta pumzi. Hata siku kama hii, mtu hamsemeshi mama mkwe wake hivi hivi.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba, mkwe," sauti ya bibi Boke ikatoka chini, nyembamba. "Shingo imeniua."

"Miguu unaisikia?"

"Inawasha."

"Usigeuze kichwa, mama. Hata nzi akikutua mwache." Sauti ya Kisyeri ikawa ya mtu anayeomba. "Mama, niruhusu niingie. Mwenye kujua ni mimi."

"Usithubutu!" Bibi alitaka kuinua kichwa, wote wakamkemea atulie. "Nimelala huku kama mtoto mchanga, uje unishike? Halafu nikipona nikutazame na macho gani? Heri nife na heshima yangu."

"Mama, acha hayo!" Heche akalia.

"Nimesema."

"Basi mpigieni yule nesi," mmoja wa majirani akasema, na akajuta hapo hapo. Watu wakatazama kila mahali isipokuwa usoni mwa Beatrice. Kisyeri akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Beatrice aliisikia inavyoita kule nje ya ua, na kila mlio ulimwambia: ni wewe, ni mdomo wako, mama yako anakufa kwa mdomo wako.

"Hapokei," Kisyeri akasema.

"Nitashika mimi," Beatrice akasema.

"Wewe hujawahi."

"Nimeona unavyoshikwa mpaka nimechoka!"

Akavua kandambili, akapiga magoti nyuma ya kichwa cha mama yake. Akatua viwiko chini kwanza, kwa sababu yule mwanamke alitua viwiko chini kwanza. Kiganja huku, kiganja huku, masikio yakabaki wazi ili mgonjwa asikie, vidole vikashuka chini ya taya, dole gumba halibani mashavu. Hakufikiri hata mara moja. Ni nani aliyewahi kutazama somo kwa chuki kama ile? Alikuwa amekitazama kila kidole cha Stefania, akakilaani kimoja kimoja, na sasa vyote vilikuwa vyake.

"Nimeshika," akasema.

Kisyeri, mgongo kwenye ua, akaanza kuelekeza. Wanawake wakamfunika bibi kanga. Heche na jirani wakavuta kila mmoja kipande chake. "Taratibu, mvisukume kama mnaingiza mkate kwenye tanuri. Msimnyanyue. Kufuli ya kichwani ifungeni kwanza. Imelia?"

"Imelia!"

"Ya miguuni?"

"Inagoma!"

"Inagoma vipi?"

"Inagoma tu, haifungi!"

Hapo Kisyeri alipiga hatua moja kuelekea mlango wa ua, na bibi Boke, ambaye hakuweza kugeuza hata jicho, akasikia. "Mkwe," akasema tu. Kisyeri akarudi. Jasho lilikuwa linamtiririka kama yeye ndiye aliyeanguka.

"Heche, angalia ndani ya tundu la kufuli. Kuna kitu."

"Punje! Ni punje ya hindi!"

"Itoe. Pulizia. Sasa sukuma."

Ta! Safari hii hata yeye aliisikia kutoka nje, na akajishika kichwa kwa mikono miwili, akachuchumaa chini.

* * *

Pikapu ilikuwa ya Machage, anayebeba mchanga. Kisyeri alitangulia na pikipiki, haangalii nyuma, akionyesha kwa mkono kila shimo la kukwepa, na pikapu ikamfuata polepole kama iko kwenye msiba. Nyuma, Beatrice alipiga magoti kwenye mchanga. Mara ya kwanza mikono iliuma. Baadaye ikafa ganzi, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi, kwa sababu hakujua tena kama ameshika au ameacha.

"Mama, upo?"

"Nitaenda wapi, nimefungwa mikanda."

Kwenye zahanati Stefania alitoka mbio, aproni ina damu, simu aliyopigiwa na Kisyeri bila kupokea bado iko mfukoni. Alikuwa anazalisha, ndiyo maana hakupokea. Beatrice aliiona ile damu na kitu ndani yake kikalegea, halafu kikakaza upya, maana mwanamke yule alikuwa tayari anapanda pikapu, na alikuwa anakuja kwenye kichwa.

"Dada, mikono yako imechoka. Nipe."

"Siwezi kuachia."

"Nitapitisha yangu juu ya yako. Nikisema nimeshika, ndipo utoe yako."

Alipiga magoti, mabega yakagusana. Vidole vile vikaja juu ya vidole vya Beatrice, baridi, vinanuka sabuni ya hospitali. Ndivyo Kisyeri alivyovisikia, akawaza. Hivi ndivyo vilivyo. Hata hapo, mama yake yuko katikati ya uhai na kifo, Beatrice aliona wivu mpaka akaona giza.

"Nimeshika," Stefania akasema.

Beatrice hakutoa.

"Dada. Nimeshika."

"Ukimwachia?"

"Sitamwachia."

"Nilikutukana."

"Ulinitukana, ndiyo. Toa mikono."

"Nyie wasichana," bibi Boke akasema, macho yako mbinguni, "kichwa chenyewe ni kimoja. Beatrice, mwache mtoto wa watu afanye kazi."

Beatrice akatoa mikono. Ilibaki imekunjamana vile vile, kama bado imeshika kitu, na alikaa nayo hivyo mapajani mpaka hospitali ya mjini Tarime.

* * *

Mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika, daktari alisema, ila mishipa ya fahamu ilikuwa salama. Bibi Boke alitikisa dole la mguu mbele yao, akaambiwa aache, akatikisa tena. Daktari aliuliza nani alishika kichwa tangu nyumbani.

"Mwenye mama," Stefania akajibu, akatoka nje.

Beatrice alimkuta kwenye benchi la uani, amekaa kama watu wanavyokaa wakiishiwa nguvu, miguu mbele. Akakaa pembeni. Hawakuangaliana.

"Nisamehe kwa siku ile."

"Yameisha, dada."

"Hayajaisha. Nataka nikuulize kitu, na usinijibu kama nesi. Mume wangu. Ulikuwa unampenda?"

Stefania alitazama viganja vyake. Angeweza kukana. Mtu yeyote angekana.

"Kuna siku, ndiyo," akasema. "Anapofumba macho. Mtu anakupa kichwa chake kizima, hana wasiwasi. Hapa nimekuja mgeni, dada, hata kuku wa jirani ananikimbia. Yeye hajui. Sijasema, sijafanya, na nisingefanya."

Beatrice alitegemea moto, na moto ulikuja. Lakini pamoja nao ulikuja unafuu wa ajabu, unafuu wa mtu aliyeambiwa kwa miezi kwamba hakuna harufu ya kuungua, kisha akaonyeshwa chungu kilichoungua. Kumbe hakuwa mwendawazimu. Kumbe macho yake yalikuwa yanaona.

"Ungenidanganya ningekutafuna hapa hapa," akasema. "Sasa umesema kweli, sijui hata nikufanye nini."

Kisyeri akatokea na chupa ya chai na vikombe viwili, na alipowaona wamekaa benchi moja akasita kama ng'ombe mbele ya daraja. Alipoona hakuna anayemshika mwenzake nywele, akachuchumaa mbele yao, na kilichokuwa kinamsumbua kikamtoka chote.

"Vibano viwe na mishikio mirefu pembeni," akasema, mikono inachora hewani. "Mkwe ashike mishikio, asiguse mtu. Na kufuli ziwe na kifuniko, punje zisiingie. Nianze kesho kutwa. Ila lazima tujaribu upya, yaani nilale, na kichwa..." Akakumbuka alipo. Akamtazama nesi, akamtazama mkewe, akamalizia kwa sauti ya chini, "Sista, sijui kama utakuja."

Stefania alimgeukia Beatrice.

Beatrice akajimiminia chai, akanywa funda, akamimina kikombe cha pili, akampa nesi.

"Atakuja," akasema. "Ila kichwa nashika mimi. Yeye atashika miguu."

"Miguu haishikwi, mama Neema, miguu inafungwa mik..."

"Itashikwa. Na wewe, Kisyeri, siku hiyo uvae soksi."